Arlys Achagua Kipimia Baruti

Arlys Haugen hakuwa mtu wa kusitasita. Alipikia watoto wa shule kule Montana, Marekani, kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyewahi kumwona amesimama mbele ya sufuria akijiuliza aongeze chumvi au aache. Kwa hiyo watu waliposikia kwamba Februari imeingia na bado hajachagua kipimia baruti, walidhani anaumwa.

Mambo yalianza Oktoba, kipimia chake cha chuma kilipoanguka kutoka mezani kikavunjika mpini. Alikuwa nacho tangu ujana, na ndicho alichojazia risasi zake zote, mwenyewe, nyumbani. Arlys hajawahi kumfuata kulungu na risasi ya dukani, na jirani aliyewahi kumzawadia pakiti alirudishiwa pakiti yake. Kipimia kile kilikuwa rahisi: unapandisha mpini, unaushusha, na kiasi kilekile cha baruti kinadondoka ndani ya ganda la risasi. Sasa mpini haukuwepo. Akalitaja jambo hilo kwenye klabu ya shabaha, na Lyle Jelinek akadakia kabla hajamaliza.

"Usinunue kitu, Bi Arlys," alisema. "Watu wananunua kwa kuangalia picha, halafu wanajuta. Mimi gerejini nina vipimia mpaka vinanisumbua. Nitakuletea kimoja kimoja ujaribu. Kitakachokukaa mkononi, ndicho ununue."

Lyle alikuwa mgane wa miaka sita. Aliendesha greda la kaunti mpaka akastaafu, na ingawa greda lilikuwa na breki, mdomo wake haukuwa nazo. Akaanza kuja kila Jumamosi saa nne asubuhi, boksi kwapani, theluji mabegani.

Sasa, katika chumba cha chini cha nyumba ya Arlys kuna sheria moja: baruti ikiwa wazi, hakuna maneno. Hakuna redio, hakuna simu, hakuna habari za jirani. Mtu akipiga soga anasahau ganda lipi amelijaza na lipi bado, na ganda lililojazwa mara mbili linaweza kumpasulia bunduki usoni. Basi Lyle yule yule, aliyeweza kumsimulia mtu habari za daraja moja kwa saa nzima, alikaa pale kimya, akimpa maganda matupu kwa mkono huu na kupokea yaliyojaa kwa mkono ule. Kisha walipanda juu kula maharage ya pilipili na mkate wa mdalasini, na hapo Lyle alilipa maneno yote aliyoyameza.

Arlys alizipenda Jumamosi hizo kuliko alivyotaka kukubali. Nyumba ilikuwa imepoa tangu mumewe Gordon afariki, na sasa siku moja kwa wiki ilikuwa na kicheko ndani yake. Lakini alijua vizuri kwamba siku atakayochagua kipimia, Lyle hatakuwa na sababu ya kuja. Ndiyo maana hakuchagua.

Cha kwanza alisema mpini wake mzito. Cha pili, kinatafuna punje za baruti. Cha tano kilikuwa kizuri kabisa, akasema rangi yake ya kijani inamuumiza macho, na Lyle akatikisa kichwa kama fundi aliyeambiwa injini imekufa.

Dada yake Corinne alipiga simu kutoka Billings.

"Umepata kipimia?"

"Bado."

"Umejaribu vingapi?"

"Saba."

"Saba. Mume ulimchagua kwenye dansi moja, tena umeme umekatika. Hebu msalimie shemeji."

"Shemeji gani?"

"Huyo mbeba maboksi."

"Corinne, nina chungu jikoni."

"Huna lolote jikoni. Huyo ndiye aliyeko jikoni."

Jumamosi iliyofuata Lyle alileta mashine ya umeme, na Arlys alipoiona alijua hii itakuwa ngumu kuikataa. Unabonyeza tarakimu, yenyewe inamwaga, yenyewe inapima, inalia kidogo kukuambia tayari. Maganda matano ya kwanza yalitoka sawasawa, bila tofauti hata ya punje. Alitafuta kasoro akakosa. Akafunika baruti, akapanda juu kuchukua miwani ambayo hakuihitaji, ili tu apate nafasi ya kuhuzunika.

Aliporudi na kuanza tena, tarakimu zilikuwa zinacheza. Zinapanda, zinashuka, hazitulii. Mizani ya namna ile huyumbishwa hata na pumzi, kwa hiyo Arlys akainua macho kutafuta upepo unatoka wapi. Tundu la hewa moto ya kupasha nyumba, juu kabisa ya meza, lilikuwa wazi. Nalo alilifunga mwenyewe asubuhi ile, kama anavyofanya kila anapopima.

Akamtazama Lyle. Lyle alikuwa anasoma maandishi ya kopo la baruti kwa makini ya mtu anayesoma wosia.

"Kinayumba hiki," Lyle alisema, na masikio yakamwiva. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvunja sheria.

"Kinayumba sana," Arlys alijibu. "Kirudishe."

Akamwaga baruti yote irudi koponi. Alipopanda ngazi miguu yake ilikuwa myepesi, na mkate wa siku ile aliupaka sukari mara mbili.

Lakini wiki iliyofuata Lyle alikuja na sura ya msibani.

"Hiki ndicho cha mwisho," alisema, akiweka boksi mezani. "Gereji imekwisha. Kile cha kijani kilikuwa cha mchungaji, nilikiazima. Hakuna tena wa kumwendea."

Kilikuwa kikuukuu. Kilimwaga baruti, kikasimama kama kinachofikiri, kikadondosha punje moja, kikafikiri tena, kikadondosha nyingine. Ganda moja lilichukua dakika moja na nusu. Walijaza ishirini bila neno, na Lyle hakuinua macho hata mara moja. Arlys akafunika kopo.

"Nachukua hiki," alisema.

"Hiki?"

"Hiki hiki."

"Bi Arlys, hiki ni kibovu kuliko vyote. Nimekileta kwa sababu nilijua utakikataa."

"Najua."

"Konokono anakipita hiki."

"Nimemwona akipita." Akavuta droo iliyojaa maganda matupu mpaka ukingoni. "Yapo mia sita. Yote yanataka kujazwa, na peke yangu siwezi. Mmoja ajaze, mwingine amulike ndani aone kama yamelingana."

Baruti ilikuwa imefunikwa na ruhusa ya kuongea ilikuwepo, lakini Lyle aliyatazama yale maganda, akamtazama Arlys, na hakuna kilichotoka. Arlys akaogopa kwamba amekosea hesabu zote.

"Arlys," alisema hatimaye, bila Bi. "Jumamosi peke yake haitatosha."

"Haitatosha," alisema Arlys.

"Itabidi nije na Jumatano."

Arlys alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Akampa tochi.