Zawadi ya Ukweni Yaruka

Krismasi hii niliwasema sana majirani zangu wa Mbinga kwa kusafiri na kuacha wanyama wao na njaa. Mimi mwenye huruma niliondoka na paka wangu ndani ya tenga, ameshiba, amelala. Tenga jingine lililofanana nalo, nalo limefunikwa kitenge, lilikuwa na jogoo, zawadi yangu ya kwanza ukweni, kule ziwani.

“Shikamoo mama,” nilimwambia mama mkwe, nikimkabidhi tenga kwa mikono miwili. “Kitoweo cha sikukuu hicho. Nimemlea mwenyewe, kanona.”

Akapiga vigelegele, akaagiza maji ya moto, akafunua. Paka wangu akaruka moja kwa moja hadi kwenye dagaa wa usipa walioanikwa.

Mama mkwe akamtazama anavyotafuna.

“Mkwe wangu, huyu huko kwenu milimani mnamnyonyoaje?”

Ndani ya tenga nililolikumbatia, jogoo akawika.