Kinga ya Bila Pedali

Mimi mutu akinichokoza, mukono wangu unapandaka wenyewe. Ni vile niliingia mu taabu hii. Siku ya Mungu moja, kisha misa, abbé, padri wa paruasi yetu hapa Butembo, alisimama mbele akasema kutakuwa safari ya kinga, ni kusema baiskeli, kutoka hapa mpaka Beni, juu ya kusaidia maternité moja kule. Kila mwenye atapanda kinga yake atafute bantu ba kumuahidi mablanketi, na akifika, mablanketi inapewa bamama wenye kuzaa. Akauliza: "Nani iko na kinga, na anajua njia ya Beni muzuri?" Bijana bakaangaliana. Mwanaume mumoja mwenye alikuwa ameikala pembeni yangu akacheka na pua, akasema chini chini eti hiyo haiko kazi ya banamuke. Basi! Mukono ukapanda.

Bantu bakapiga makofi. Nani mu Mususa, mutaa wetu, hanijui? Myaka kumi na moja nilisukuma kinga ku ile njia. Viazi vinashuka Beni, mafuta ya ngazi, ile mawese, inapanda Butembo. Miguu yangu inajua kila kona, inajua hata majiwe. Donc abbé akaandika jina langu ya kwanza kabisa. Kuna kitu kimoja tu hakuniuliza. Hakuniuliza kama najua kupanda.

Sikujua. Myaka yote ile, matako yangu haikugusa kiti cha kinga hata siku moja, na hata kiti chenyewe hakikuwa. Mwenye haiko wa huku atashangaa, mais kwetu tuko bengi. Kinga ya muzigo inasukumwaka, haipandwake. Zamani baba ya batoto ndiye alikuwa anaisukuma. Aliondoa pedali sababu zinagongaka mifupa ya muguu, akatosha sheni, akatosha kiti, akafunga fimbo ya kushikia ku gidoni, ule usukani. Mugongo wake ulipokataa kazi, mimi nikaikamata vile vile, sawa mutu anakamata jembe ya mwenzake mu shamba. Ile siku niliporudi nyumbani nikamwambia nimejiandikisha, alicheka mpaka akalia na ule mugongo wake. "Utapandia nini? Fimbo?" Nilimupikia sombe, majani ya muhogo, ya bila chumvi.

Sasa niseme ya kweli: makofi ya bantu ningeiacha, mutu anawezaka kusema iko mugonjwa. Mais binti yangu wa kwanza ni infirmière, muuguzi, kwa ile maternité. Alisoma na viazi vya kinga ile. Wakati alikuwa mutoto, siku hakuna masomo, alikuwa nyuma yangu: ku mulima anasukuma gunia na mikono mbili, ku mushuko anashika portbagaje, kile chuma cha muzigo, anavuta nyuma, juu kinga isinikimbie. Sasa anavaa nguo nyeupe, bantu banamuita madame, na mimi nafurahi mpaka naona haya. Ni yeye alinipigia simu kabla ya ile misa. Bamama wenye kukimbia vita mu vijiji vya upande wa Oicha banafika kuzaa na nguo ya mwilini tu. "Mama, juzi nilifunika mutoto na blouse yangu," akaniambia. "Alikuwa anatetemeka sawa kuku ya mvua."

Nilipomupigia sasa, nikamwambia: "Nakuja na kinga."

"Aksanti, mama. Utasukuma viazi?"

"Nakuja nimeikala juu yake."

Akaita: "Mama, wewe hujui kupanda!"

"Nitajua," nikasema, nikakata simu.

Ku soko, bamama ba viazi bote balikubali kutoa. Kila mutu blanketi moja. Mais wifi yangu, dada ya baba ya batoto, anauzishaka pembeni yangu, na ule mwanamuke ulimi wake unaweza kumenya viazi bila kisu. Akaweka mikono ku kiuno. "Tunatoa, wifi. Lakini uingie kwa lango ya maternité umeikala. Ukiingia unasukuma sawa kila siku, mablanketi tunarudisha, bamama ba hapa Butembo nabo banazaaka. Na mimi mwenyewe nitakuwa nyuma na moto, pikipiki ya kukodi, nimebeba mablanketi, naangalia na macho yangu mbili."

Bengine bakacheka. Nilikasirika, wee! Nikasema: "Funga ile mablanketi nguvu, wifi, sababu haitarudi."

Kesho yake nikapeleka kinga kwa muzee mumoja Muislamu mwenye kutengeneza bakinga chini ya soko. Kabla ya kufanya ile kazi alikuwa musafirishaji, ile njia ya Beni anaijua kunipita. Akaigeuza miguu juu, akaiangalia murefu. Akagusa pale pedali zingekuwa. Pamejaa kutu. Akanitazama.

"Mama, hii kinga haijabeba mutu."

"Imebeba viazi."

"Na wewe?"

Nikaangalia chini. Muzee ule hakucheka, Mungu amubariki. Alisema tu: "Ukuje asubui, kisha sala yangu, mbele bantu bajae mu njia. Utavaa pantalo chini ya kikwembe, kitenge peke yake itakuangusha." Akaweka pedali, sheni, freni mupya, na kiti chekundu. Nilipokiona kile kiti nilicheka sawa musichana. Kinga yangu ikakuwa na sura ya bibi arusi.

Kupanda ndio ilikuwa mambo. Tulikuwa tunaenda ku uwanja wa masomo moja pale karibu. Yeye anashika nyuma, mimi nakanyaga, anaachilia, naanguka. Niliangukia kushoto, nikaangukia kuume, siku moja niliangukia mu maharagi ya mukaaji wa pale, akatoka na sufuria mu mukono kuangalia ni mbuzi gani. Magoti yangu ikavimba. Juma mbili, hatua kumi hazipite. Asubui moja nikaitupa chini ile kinga, nikaipiga teke, nikalia kabisa, machozi ya kweli, sababu nilikuwa naona ule mutoto wa blouse. Nikamwambia muzee: "Nitamwambia abbé afute jina."

Muzee alikuwa anajikuna ndevu. "Mama," akasema, "wakati unaisukuma, iko namna gani?"

"Iko nzito. Nzito na imetulia. Hii yenu ya kupanda ni nyepesi sana, inacheza cheza sawa mulevi."

Akapiga kipaji cha uso na mukono. "Mimi ni mujinga! Ngojea." Akaenda, akarudi na gunia nusu ya viazi, akaifunga ku portbagaje na mupira. "Panda."

Nikapanda. Mungu wangu! Ile uzito ikanishika nyuma, mikono yangu ikaijua pale pale. Nikakanyaga, nikakanyaga, upepo ukaniingia mu masikio, nikazunguka uwanja muzima, na muzee anakimbia nyuma na kanzu yake mukononi anapiga kelele: "Alhamdulillahi! Viazi vimemufundisha!" Nilifurahi mpaka nikasahau kitu kidogo: kusimama. Akanikamata ku kona ya pili. Na kila siku ikawa hivyo, mimi nazunguka, yeye ananikamata. "Kusimama tutajifunza mwisho," alisema. Mais ule mwisho, siku ya safari ikaupita mbele.

Ile asubui Butembo ilikuwa baridi, ukungu mpaka ku magoti. Bijana bamevaa kasike ku kichwa na zile nguo zenye kubana, banajinyoosha miguu. Mimi na kikwembe yangu, na kitambaa ku kichwa, na gunia yangu nyuma. Wifi yangu alishapanda moto, mablanketi imefungwa nyuma yake mpaka inamupita kichwa. Abbé akakuja mbio.

"Mama, hii gunia ni ya nini? Nilisema wazi: hapana beba muzigo!"

Ningemwambia ukweli, ya kama bila viazi naanguka? Kamwe. Na tena nilikuwa na ukweli ingine mukubwa kuipita. "Abbé," nikamuuliza, kwa heshima lakini kwa sauti ya soko, "tunaenda kuona bazazi ao hapana?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulishaona wapi mutu anaenda kuona muzazi mikono mitupu? Mama yako alikufundisha hivyo?"

"Eeeeh!" bantu bakaitika bote. Abbé akasogea pembeni, anipe njia. Ni mwana wa kwetu, angesema nini? Nikaona bijana banaanza kuangalia bakinga zao zenye kuwa tupu, haya inabashika. Mumoja akageuka, akaenda mbio kwao. Kisha mwengine. Tukachelewa saa nzima. Bakarudi na unga ya bui, ule uji, na puaro za mboga, na sabuni, na ndizi. Ule mwanaume wa kucheka na pua, kumbe naye alikuwa amejiandikisha, akarudi na kuku muzima amefungwa ku gidoni. Abbé mwenyewe akatumana kwao, bakamuletea chupa ya asali. Basi safari yetu ya kinga tupu ikatoka Butembo sawa soko yenye kuhama.

Nilikanyaga nikishikilia pumzi. Nikapita mbele ya muzee, alikuwa amesimama ku barabara. Alinyoosha kidole gumba. Bamama ba viazi bakapiga bigelegele. Kisha, ku Maboya, milima ikaanza, na pale nikarudi ku kazi yangu. Nikashuka, kwani ku mulima kinga inajisimamia yenyewe, nikashika gidoni, nikainama, nikasukuma. Lango ndiyo wifi alitaja, mulima hakuitaja. Bijana ba nguo za kubana bamekalia majani, banahema. Nikabapita mumoja kisha mwengine. Mwenye kuku alikuwa anavuta kinga na kuku amejifungua kamba, anamupiga mabawa ku uso.

"Mama, ungojee kidogo!"

"Ningekungojea, baba," nikamwambia, "mais haiko kazi ya banamuke."

Ile neno nilikuwa nimeitunza mwezi muzima. Utamu wake, niliumeza polepole mpaka juu.

Ku mushuko wa Kabasha ndio utamu uliisha. Kule chini unaona bonde yote, na kinga yangu ikaiona, ikaitaka. Nikafunga freni zote mbili mpaka vidole vikafa. Nikaomba Bikira Maria, nikaomba na kwa Mungu ya muzee wangu, ni Mungu moja. Freni zikaanza kunuka. Nyuma nasikia wifi yangu, ule wa ulimi, analia juu ya moto: "Polepole, wifi! Polepole, mwenzangu! Shuka usukume, sitasema kwa mutu!" Hapo ndipo nilijua ananipenda, na sikuweza hata kugeuka kumuangalia. Sikushuka. Siyo bushujaa, sikujua namna.

Mungu ni mwema, njia ikanyooka. Hewa ikakuwa ya moto, kakao imeanikwa ku kando ya barabara, na harufu ya mafuta ya ngazi ikaniambia Beni iko karibu. Ku kizuizi, basoldati bakatuinulia kamba: "Mama, makasi! Nguvu!" Nikabatikisia kichwa tu, mikono sikuthubutu kuiachilia.

Halafu nikaona lango ya maternité. Iko wazi, na mbele yake njia inateremuka kidogo. Bamama balikuwa bamesimama mu lupango, ule uwanja wa ndani, bengine na matumbo, bengine na batoto mu mikono. Nikakanyaga mara ya mwisho, nikaingia. Nimeikala! Kiti chekundu, mimi juu yake, mugongo umenyooka sawa wa chef. Nyuma yangu wifi akapiga kigelegele cha kupasua masikio: "Ameingia! Ameikala! Ni mimi mushaidi!" Na palepale nikashika freni, na freni hakuna. Zilibakia Kabasha.

Ukuta ukaanza kukuja. Kamba ya nguo zenye kuanikwa ikaanza kukuja. Bamama bakatawanyika. Nilifunga macho, nikasema Mungu wangu, viazi hivi vipone.

Kinga ikasita. Ikavutwa nyuma, nguvu, ikatulia. Mutu alikuwa ameshika portbagaje na mikono mbili, ameinama, amekaza visigino mu udongo. Sikugeuka. Ile namna ya kuvuta, nimeijua ku kila mushuko wa njia ile, tangu yule mutoto alikuwa hajafika ku kiuno changu.

"Mama," binti yangu akasema nyuma yangu, anahema, nguo yake nyeupe imejaa mavumbi. Wifi alikuwa anafungua mablanketi na meno, analia bila haya, na bamama bananyoosha mikono. "Mama, mugongo wako ndio naujua umeinama. Sijakuona umeikala. Hata siku moja."

Nikatafuta namna ya kuteremusha muguu, nishuke, nimukumbatie mutoto wangu. Mais hakuachilia kinga. Aliishika vile vile, imara.

"Hapana, mama," akasema. "Ikala kwanza."