Mpanua Sebule

Mpiga picha wa dalali wa nyumba ana lenzi pana kupita zote, imetokeza kama jicho la chura. Akiingia chumbani hubandika mgongo ukutani, huchuchumaa, hubana pumzi, na kijichumba hutoka pichani kama ukumbi wa harusi. “Sidanganyi,” husema kwa upole, akipangusa kioo, “naipa tu nyumba nafasi ya kupumua.” Mkewe aliona tangazo moja, akaipenda sebule. Kwa kuwa picha ilipigwa na mumewe, hakwenda kuikagua, akalipia. Mume alipoelezwa, sifa alizomwagiwa zilimziba mdomo. Siku ya kuhamia, kochi liliingia kwa taabu, likajaza chumba chote. Mke akabaki kizingitini. “Baba watoto, kochi likae humu. Sisi tutaishi kwenye picha yako.”