Mpelelezi Niliyemwita Shangazi

Riwaya yangu ya upelelezi ina mwizi mmoja tu, naye kaiba ndoo ya asali ya kwaya. Ina askari asiyeweza kuanza kazi kabla ya chai, mwenyekiti wa mtaa anayeitisha mkutano kila kitu kikipotea, na jamaa mmoja anayekiri makosa yote ya Tabora ili mradi aulizwe habari zake. Niliiandika jioni baada ya kazi ya kufundisha, nikicheka peke yangu mpaka mke wangu akaanza kunitazama kwa huruma.

Mpelelezi wake ni mama wa makamo anayewahoji watu kwa kuwasalimia. Mji wetu umepokea wasafiri tangu enzi za misafara, na salamu zetu ni ndefu: za utokako, za mvua, za ng'ombe, za yule aliyekuwa anaumwa. Mpelelezi wangu humshika mtuhumiwa mkono kwa mikono yake miwili, haachii, na wakifika kwenye habari za mbuzi, mwizi ameshachoka kudanganya. Mbinu hiyo sikuibuni. Ni ya bibi yangu mzaa baba, anayeishi mtaa wa Kitete, na kuku wake waliowahi kupotea walirudi kwa njia hiyo hiyo.

Bibi na mjukuu ni watani, hilo halina mjadala. Yeye huniita mume wangu, na hunilalamikia mbele za watu kwamba simnunulii kanga. Ningeweza kumwandika vile alivyo, bila kumbadilisha hata ushungi, na asingenuna. Lakini nilitaka kujifanya mwandishi hodari anayefuta nyayo zake, basi nikampunguzia umri na kumwita Shangazi.

Hapo ndipo nilipoharibu. Shangazi ninaye mmoja, naye hataniwi. Shangazi ni baba. Mama yangu alipofariki ndiye aliyenichukua, akanilea kwake Igunga, kwenye mpunga na matope yake, kama mtoto wa tumbo lake. Nakala ya riwaya ilimfikia kupitia kwa jirani. Nilipompigia simu na kumwamkia, hakuitikia marahaba. Alisema, "Nimesikia," akakata.

Niliumia kuliko nilivyotegemea. Mimi ni mtu mzima mwenye watoto, lakini kila nilipomwamkia nilijibiwa "nimesikia," nikajiona yatima kwa mara ya pili. Kumweleza kwamba yule si yeye kulimaanisha kumwambia kwamba ni mama yake, nami sikujua lipi lina uzito zaidi. Nikaenda kulia shida kwa bibi, kama nilivyofanya maisha yangu yote.

Bibi akaichukua kesi. Alimwita binti yake kutoka Igunga kwa kisingizio cha goti, na mimi akanialika kula michembe, vile viazi vitamu vya kukausha anavyovipika na karanga. Nikashiba kwanza, ndipo shangazi akaingia. Aliponiona akanigeuzia bega. Bibi akaniamuru nisome riwaya yangu kwa sauti, nikasoma kama mtu anayejisomea mashtaka yake mwenyewe.

Nilifika pale mpelelezi anapojificha chini ya kitanda cha mzee wa kanisa ili asikilize siri za ndoo, akapitiwa na usingizi, akaanza kukoroma. Shangazi aliuma mdomo. Kisha akageuka polepole kumtazama mama yake.

"Mama, si ni wewe uliyekutwa umelala chini ya kitanda kile?"

"Sikulala. Nilikuwa nasikiliza." Bibi akaninyooshea kidole. "Mume wangu, kazi hii ni yangu, umeichukua ukampa binti yangu. Mwizi ni wewe. Na huyu kapokea mali ya wizi, halafu ndiye anayenuna."

Shangazi alicheka mpaka akashikilia ukuta. Bibi hakucheka kabisa. Alitaka kujua kwa nini mpelelezi ameandikwa ana pengo ilhali yeye meno yake yote anayo. Nikautumia mwanya huo. Nikainama mbele ya shangazi nikamwamkia.

Alijifuta machozi kwa pindo la kanga.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Umekula?"

Tumbo lilikuwa limejaa michembe mpaka pumzi inapita kwa shida. Nikamwambia bado.