Turbo yenye nguvu, joint ya zamani

Juzi, chini ya mlima wa kuelekea Kabambare, shofere wa kamio yetu, lori la mizigo na abiria, alitukataza kushuka ili kupunguza uzito, kama tunavyofanya siku zote. "Leo hakuna mutu atapanda kwa miguu. Nimeongeza nguvu ya turbo."

Mama muuza karanga, muke wa mekanisye wa magari, alishuka hata hivyo. "Na ile joint inayoziba kichwa cha motere, baba, umebadilisha?"

"Ile ile ya kiwandani ingali muzuri, mama."

Tulipanda tukiimba, wimbo niliuanzisha mimi. Katikati ya mlima joint ikapasuka, mvuke mweupe ukatufunika. Mama akatupita na beseni lake kichwani.

Tulipofika juu kwa miguu pamoja na shofere, tukicheka, tulimkuta amekwisha kupanga mafungu ya karanga, moja kwa kila abiria. La shofere lilikuwa kubwa kuliko yote.