Rangi ya Ukili Chooni

Choo chetu cha Kariakoo kilijaa kila masika. Ukimwaga ndoo, kinakurudishia nusu. Kwenye ua huohuo kuna kisima alichochimba babu, na mama yangu alikuwa hanywi maji mengine. Ya bomba, alisema, yananuka dawa. Masika ile tumbo lilimlaza kitandani mara mbili, nami niliogopa kweli. Nikichukua chepe nimwambie tukifukie kisima, ananuna siku nzima.

Mwishowe tukakubaliana tujaribu. Mama ni msusi wa mikeka, kwa hiyo rangi ya ukili haikosekani nyumbani. Nimwage chooni kopo zima la kijani. Maji ya kisima yakibadilika, tunakifukia. Yasipobadilika, nifunge mdomo wangu mpaka siku atakayozikwa. Maneno yake hayo.

Nikamwaga. Kila asubuhi nilivuta ndoo, tukaiinamia wote wawili kama tunachambua mchele. Hakuna kitu. Siku ya tano, Ijumaa, mama akachota kata, akanywa mbele yangu taratibu mpaka tone la mwisho, huku kanikazia macho. Nilikereka mpaka nikatamani kulia.

Kata ikiwa bado mkononi mwake, jirani wa nyumba ya nyuma akapiga hodi. Amebeba beseni, na ndani yake kanzu ya mumewe ya Ijumaa. Ilikuwa ya kijani.

"Shoga, kisima changu kimeingiwa na nini? Mwenzio nimeisuuza mara tatu, ndiyo kwanza inazidi."

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mama ndiye aliyemweleza yote, akaomba radhi, akaahidi kanzu nyingine, na gari la kunyonya choo liitwe leoleo. Jirani alicheka mpaka akakaa kizingitini.

"Poleni jamani, kumbe choo chenu kinawatesa hivyo," akasema, akijifuta machozi. "Sisi tuna bahati." Akaelekeza kidevu kwenye choo chake, kilichopakana na ukuta wetu, nyuma tu ya kisima cha babu. "Tangu niolewe hapa hakijanyonywa hata siku moja. Hakijai kile. Sijui hata vinaendaga wapi."

Mama aliitazama kata, akatazama kisima, akatazama ule ukuta. Kisha akaiweka kata chini polepole.

"Mwanangu," akasema, "lile chepe uliliweka wapi?"