Meli ya Sulemani Yaenda Mtito Andei

Baba yangu hajawahi kuona bahari, lakini ndiye aliyewachongea watoto wa shule ya Jumapili, hapa kwetu Mbumbuni, meli ya Mfalme Sulemani. Miaka mingi amewafundisha kwamba meli hizo zilifuata dhahabu Ofiri, na kwamba Ofiri ni Mombasa. Sasa macho yamefifia, na Jumapili ile alikuwa afundishe kwa mara ya mwisho.

"Mwaitu," aliniambia, yaani mama kwa Kikamba, maana nimepewa jina la mama yake, "enda uniulizie. Nisiachie watoto uongo."

Nikaifunga meli kwa leso, nikatoka.

Mjini Wote, asubuhi. Nikingoja gari sokoni, muuza ndizi mmoja aliichungulia.

"Woi! Mzinga ndogo hivyo ni ya nyuki gani?"

Nilicheka, ingawa iliniuma. Baba ni mtengenezaji wa mizinga. Alitoboa gogo zima akaliziba huku na huku kwa vifuniko, kama alivyozoea maisha yake yote.

Mtito Andei, mchana. Mwalimu Rhoda, aliyefundisha historia ya Biblia chuoni kabla ya kustaafu, anaishi nyuma ya vituo vya mafuta. Alinipa chai, akaigeuzageuza meli.

"Babako amejaribu. Lakini Wafoinike, wale watu wa Mfalme Hiramu, walikuwa wanaunga mbao. Meli zao kadhaa zimepatikana chini ya bahari."

"Na za Sulemani?"

"Hakuna hata moja. Kuna kigae cha zamani kimeandikwa dhahabu ya Ofiri, kwa hivyo jina lilikuwako. Lakini ni wapi? Wengine wanasema Arabuni, wengine Afrika. Hakuna mwenye anajua."

"Sasa nitamwambia nini?"

Alifungua Biblia, akanionyesha mstari. "Msomee hii pia."

Nyumbani, jioni. Njia nzima nilitafuta maneno laini, nikayakosa. Nilimweleza yote. Baba alizungusha kidole kwenye kifuniko, nami nikaogopa kwamba nimemvunja moyo. Ndipo nikamsomea jinsi Hiramu alivyotuma mabaharia wake waliojua bahari, waende na watumishi wa Sulemani.

"Kumbe hao wa Sulemani walisaidiwa?"

"Inaonekana hivyo, baba."

Alicheka mpaka akapangusa macho. "Basi ni watu wa bara kama sisi!"

Nilidhani sitarudi na kitu cha maana. Jumapili nilimwona mzee wangu akisimama mbele ya watoto, meli mkononi, uso umetulia, na nikampenda kuliko siku zote.

"Hii niliikosea," alisema. "Na Ofiri si lazima iwe Mombasa. Sijui iko wapi. Mkikuwa mkajua, kujeni mniambie, hata kama ni kwa kaburi."